Udongo Mtamu

Alhamisi hiyo mchana Yolande alikuwa amekaa barazani kwake, mtaa wa Cimpunda, Bukavu, akichambua maharagwe kwenye ungo, baba yake alipopanda zile ngazi zilizochongwa kwenye udongo na kusimama mbele yake. Baba huyo, Muzee Mugisho, alikuwa amekufa na kuzikwa Kamituga, huko Mwenga, miaka kadhaa nyuma. Alivaa suti ya kahawia waliyomzika nayo, na viatu vyake vilikuwa na matope ya safari nzima. Yolande aliusogeza ungo, akampisha kwenye mkeka, kisha akaingia ndani kumletea maji.

Muzee hakuyanywa, kwa kuwa wafu hawaoni kiu, lakini alipenda kuwa na kikombe mkononi. Alieleza kwamba alipata lori lililobeba mbao, akakaa juu kabisa. Dereva hakumdai kitu, maana hakuongeza uzito wowote kwenye gari. Njia ilikuwa mbaya kama kawaida. Yolande akamuuliza kilichomtoa huko.

"Nimeshindwa kulala," Muzee alisema. "Ule udongo iko na baridi. Inaingia mu mifupa, kiisha inatembea."

Yolande alielewa. Baba yake alikuwa ameyatumia maisha yake yote kwenye mashimo ya dhahabu. Huko wanachanganya mchanga na zebaki, wanakamua kwenye kitambaa, halafu wanachoma kile kidonge juu ya makaa mpaka dhahabu ibaki peke yake. Moshi wake hauendi mbali. Unarudi chini na mvua, unaingia kijitoni, na kile kijito kilipita karibu na kaburi la Muzee. Alipokung'uta mkono wa koti, matone ya fedha yaliviringika kwenye mkeka, yakakutana, yakawa tone moja kubwa. Bintu, mtoto wa Yolande, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule ya msingi, aliinama kuliokota. Babu yake alilifunika kwa kiatu.

"Hapana, mutoto. Hii haiko ya kuchezea."

Ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza aliyomwambia mjukuu wake.

Jioni Parfait, mume wa Yolande, alirudi kutoka kazini, akamsalimu mkwe wake kwa heshima zote, akamuuliza habari za safari. Walipokwisha kula walizungumza jambo la msingi, yaani mahali pa kumlaza Muzee. Jibu lilikuwa karibu. Yolande alikuwa na shamba dogo bondeni, chini ya kilima, alilorithi kwa mama yake, na ndani yake alilima lenga-lenga, yaani mchicha, na kitunguu. Sokoni Kadutu mboga zake zilijulikana. Akina mama walisema lenga-lenga ya Yolande ni tamu yenyewe, haihitaji hata nyanya. Pembeni mwa shamba palikuwa na migomba michache na nafasi ya kutosha mtu mmoja.

Kesho yake padri wa parokia, Abbé Chrispin, aliona kwamba misa ya maziko haikuwa na haja ya kurudiwa, kwa sababu ile ya kwanza bado ilikuwa halali. Alikuja tu kusema sala fupi. Kiongozi wa mtaa aliuliza kama Muzee ahesabiwe mgeni au mkaaji, wakakubaliana kwamba kwa kuwa anaingia ardhini siku hiyo hiyo, asihesabiwe kabisa. Walichimba, wakamshusha, wakafunika. Yolande alilia kidogo, kwa sababu mara ya kwanza hakuwahi kufika Kamituga kwa ubaya wa barabara, na machozi yake yalikuwa yamebaki yakisubiri.

Asubuhi iliyofuata, alipofungua mlango amwage maji ya kuoshea vyombo, Muzee alikuwa amekaa barazani. Alikuwa akijifuta udongo masikioni.

"Hata pale?" Yolande aliuliza.

"Pale ni mubaya kupita Kamituga," Muzee alisema. "Pale udongo iko tamu."

Alimweleza pole pole, kama mtu anayesimulia ugonjwa wake kwa muuguzi. Kamituga ilikuwa baridi tu, na baridi mtu anaweza kuizoea. Lakini udongo wa bondeni ulikuwa na utamu, unaanza kwenye meno, unashuka kwenye taya, unakaa kwenye mifupa mikubwa na hautoki tena. Mtu anayelala ndani yake anajisikia mzito na mjinga. Muzee alisema kwamba usiku ule alijaribu kukumbuka jina la mama yake likakataa kuja, mpaka alipotoka nje ya shimo. Halafu akauliza kuna nini juu ya shamba lile.

Yolande hakuhitaji kufikiri. Juu ya shamba kulikuwa na karakana ya Blanchard, na ndimo Parfait alimofanya kazi. Walinunua betri kuukuu za magari, wakazivunja kwa shoka, wakayeyusha madini ya risasi yaliyomo kwenye sufuria kubwa. Kisha waliyamimina kwenye vibati na kutoa vile vipande vidogo vizito ambavyo wavuvi wa samaki wadogo wa sambaza hufunga kwenye nyavu zao ziwani. Majivu na maji makali ya betri yalimwagwa mferejini. Mfereji ulishuka kilima, ukafika shambani kwa Yolande, na kiangazi yeye alikuwa akishukuru kwamba maji hayakatiki.

Muzee alimwita Bintu, akamweka kati ya magoti yake, akanusa utosi wake kama mababu wanavyofanya. Alikaa hivyo kwa muda. Kisha akamwachia mtoto akacheze.

"Mutoto iko na ile kitu," alisema.

Yolande alikaa chini. Tangu Pasaka Bintu alikuwa akilalamika tumbo, akishindwa kwenda chooni, akilala mchana kama bibi kizee. Mwalimu wake alikuwa amemwita Yolande kumwambia kwamba mtoto anasahau herufi alizokuwa anazijua vizuri. Kwenye kituo cha afya walimpa dawa ya minyoo, mara ya pili wakampa dawa ya minyoo nyingine. Sasa Yolande alimrudisha akaeleza kwamba baba yake, ambaye ni marehemu, ameona risasi ndani ya mtoto. Muuguzi alimsikiliza bila kumkatiza. Alisema kwamba inawezekana kabisa, na marehemu hana sababu ya kudanganya, ila pale hawana mashine ya kupima kitu hicho, wala haiko mjini kote, na damu ingebidi ipelekwe nchi nyingine. Alimshauri ampe mtoto maziwa na mayai kama anaweza, na asimlishe tena mboga za pale. Maneno hayo aliyasema kwa sauti ndogo, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mteja wa lenga-lenga ya Yolande.

Siku hiyo Yolande alishuka shambani na jembe, akang'oa kila kitu. Hakuuza hata fungu moja. Aliirundika mboga kando ya migomba, akakaa karibu nayo, mikono juu ya magoti. Alifikiria sahani zote alizompakulia Bintu akimwambia amalize, amalize, mboga ni damu.

Na Parfait je? Parfait alikuwa mtu mpole, asiyekunywa, aliyempenda mtoto wake. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kulegea kwenye kifundo. Akiunyoosha, kiganja kilining'inia chini kama kitambaa kilichoanikwa, na kijiko alikishikia mkono wa kushoto. Nguo zake za kazi Yolande alikuwa akizifua pamoja na sare za Bintu. Mkwe wake alipomweleza habari ya udongo, Parfait alikubali kila neno. Alisema hata yeye utamu huo anaujua, anausikia kinywani kila asubuhi kabla ya chai.

"Basi acha ile kazi," Yolande alimwambia.

"Nikiacha, kesho Blanchard ataweka mwengine," Parfait alisema. "Sufuria itaendelea kuchemka. Na siye tutakula nini?"

Kuanzia siku hiyo Parfait alivua nguo za kazi nje na kujimwagia maji nyuma ya nyumba kabla ya kumgusa mtoto. Hicho ndicho alichoweza kukifanya, naye alikifanya bila kukosa.

Blanchard mwenyewe alikuja Jumapili baada ya misa, na kreti ya Fanta. Alikuwa mtu mnene mwenye adabu. Alimpa Muzee pole kwa kukosa usingizi, akasema ameguswa sana, hakujua kwamba kuna mtu amelazwa pale chini. Aliahidi kuugeuza mfereji, na ahadi hiyo aliitimiza ndani ya juma lile lile: vijana wake walichimba njia mpya, na maji ya betri yakaanza kushuka upande wa pili, kwenye mashamba ya jirani, likiwemo la Maman Adèle, mjane mwenye watoto wengi aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwa Yolande. Yolande alikwenda kumwonya siku ile ile. Maman Adèle alimshukuru.

Muzee akabaki. Kulikuwa na mahali pengine pa kumpeleka, na kila mtu nyumbani alipajua: Mudaka, kijijini kwao Muzee, ambako mdogo wake Honoré alilima maharagwe na migomba kwenye ardhi ya baba yao. Huko hakukuwa na dhahabu wala betri. Ilikuwa safari ya asubuhi moja tu kwa gari. Lakini Jumamosi ya kwanza Yolande alisema mvua itanyesha. Jumamosi iliyofuata alikuwa na nguo za kufua. Nyingine kulikuwa na ubatizo kwa majirani. Parfait aliona.

Ukweli ni kwamba Yolande hakuwa amewahi kukaa na baba. Alipokuwa mtoto, Muzee alikuja Noeli na kitenge cha mama yake na viatu ambavyo kila mara vilikuwa vidogo, kwa sababu alikuwa akikisia mguu wa mwaka uliopita. Shule zilipofunguliwa alikuwa ameshapanda tena milima. Sasa alikuwa pale kila siku. Alirekebisha mlango wa jikoni uliokuwa ukikwaruza chini. Alimfundisha Bintu herufi upya kwa kuzichora kwenye majivu ya jiko, na Bintu aliposahau, alianza tena bila sauti yake kuchoka. Mchana, Yolande akimenya ndizi, Muzee alikaa karibu na kikombe chake cha maji yasiyonywewa, akamweleza mambo ya mama yake ambayo hakuna mwingine aliyebaki wa kuyajua: alivyokuwa akiimba kwenye kwaya ya Mwenga, alivyomkataa yeye Muzee mara ya kwanza kwa sababu ya kofia aliyovaa. Yolande alicheka mpaka kisu kikamdondoka.

Miezi hiyo wafu wengine nao walianza kupanda. Mume wa Maman Adèle alikuja siku ya soko, akakaa kwenye kizingiti cha nyumba yake, akasema udongo wa upande wao nao umeanza kuwa mtamu. Wengine walitoka Shabunda na Kamituga, na mifuko ya makoti yao ilikuwa mizito kwa zebaki. Parokia iliwawekea mabenchi mawili ya nyuma. Watu walilalamika kidogo kwamba wanajaza taxi-bus, lakini kwa kuwa hawakuwa na uzito, walikubaliana wapakatwe.

Muzee alikuwa anapungua. Mwanzoni Yolande hakutaka kuona. Mtu aliyekufa asipolala, anachakaa kama sabuni. Alianza kusinzia bila kusinzia, macho wazi, kichwa kikianguka na kushtuka. Hadithi zake zilikatika katikati. Siku moja alimwita Bintu kwa jina la Yolande, akashindwa kujirekebisha.

Alasiri hiyo alimwomba Yolande akae.

"Yolande, mwanangu. Nimechoka."

"Najua, papa."

"Ile miaka nilikuwa kule mu mashimo, nilisemaka nitarudi kukaa na wewe. Sasa nimekaa. Imetosha. Unipeleke."

Walikwenda Jumamosi, Yolande, Bintu na Muzee, kwenye kiti cha nyuma cha gari la abiria, Muzee akipakatwa na binti yake. Ziwa lilibaki upande wa kulia kwa kitambo, kisha likapotea nyuma ya vilima. Alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu. Yolande alimshika kiunoni kwenye kila kona ya barabara, na hakuna abiria aliyewatazama.

Honoré aliwapokea nje ya uzio. Alikuwa mtu mfupi, mkono wake mgumu kama mpini. Alimkumbatia kaka yake, akamtazama uso, akasema tu kwamba amekonda, kisha akawaongoza shambani, nyuma ya nyumba, ambako maharagwe yalikuwa yametoka kuvunwa. Muzee alipiga magoti. Aliokota udongo mweusi, akauweka ulimini, akangoja. Wote walingoja.

"Huu haina kitu ndani," alisema. "Huu ni udongo tu."

Akalala ubavu, shavu likigusa ardhi, na kabla Honoré hajaleta jembe, alikuwa anakoroma. Ilibidi wachimbe taratibu kumzunguka, wasimwamshe. Yolande alimvua viatu. Aliona kwamba soksi moja ilikuwa imetoboka kidoleni, na akasikitika kwamba miezi yote ile hakuwahi kuiona akaishona. Bintu alimfunika babu yake miguu kwa udongo wa kwanza, kwa mikono yake. Kukoroma kulisikika mpaka shimo likajaa, kisha kukawa kwa chini sana, halafu ni mtu mwenye kuinama tu ndiye angeweza kusikia. Muzee Mugisho hakurudi tena.

Habari za udongo wa Mudaka zilishuka mjini kabla ya wiki kwisha. Familia zilizokuwa na wafu vibarazani zilikodi magari. Wafu walionja shamba la Honoré, wakalala papo hapo. Wakaonja la jirani yake, wakalala. Halafu walikuja watu walio hai, wenye ofisi na magari yao, kununua nafasi mapema kwa ajili yao wenyewe, kwa sababu hakuna aliyetaka kuja kuamka baadaye. Blanchard alinunua sehemu nzuri yenye kivuli, akaizungushia seng'enge. Parfait naye alimwomba Honoré amwekee nafasi ndogo kando ya mkwe wake. Alikwenda mwenyewe siku ya mapumziko kuiona, akaipima kwa kulala chali, mkono wake wa kulia ukiwa umelegea juu ya kifua. Akarudi nyumbani ametulia kuliko Yolande alivyomwona kwa muda mrefu, na Jumatatu akaenda kazini.

Bintu alipata nafuu. Tumbo liliacha kumuuma, akaacha kulala mchana. Herufi nyingi zilirudi, si zote. Mwalimu alisema mtoto ana bidii, kwa ile sauti ambayo walimu huitumia kuwafariji wazazi.

Honoré alikuwa ameuza shamba kipande kwa kipande, kwanza kwa huruma, kisha kwa sababu jirani zake wote walikuwa wanauza, na hatimaye hakukuwa na mahali pa kupanda hata mbegu ya kibuyu. Mwanzoni mwa mvua alishuka Bukavu na jembe begani. Alifika kwa Yolande, akala bugali, akauliza habari za wote. Kisha akasema kwamba anasikia lile shamba la bondeni limekaa bure.

Yolande alimweleza yote. Alimweleza mfereji, kwamba kuugeuza hakukuondoa kilichokwisha kuingia, na meno ya Muzee, na herufi za Bintu. Honoré alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilisikiaka hayo yote," alisema. "Lakini kule Mudaka sasa hakuna nafasi. Wafu banataka kulala. Siye tuko bazima, tunaweza kuvumilia."

Yolande alikataa. Honoré alikuja tena kesho yake, na kesho kutwa, akakaa barazani, jembe kati ya magoti. Alikuwa na watoto saba. Mwishowe hakuomba wala hakuruhusiwa, alishuka tu bondeni akaanza kulima, na Yolande hakuwa na moyo wa kumfukuza mdogo wa baba yake kwenye ardhi. Lenga-lenga iliota upesi, majani mapana, mashina mekundu. Sokoni Kadutu akina mama waliijua mara moja, wakasema ile tamu imerudi.

Siku ya mavuno Yolande alishuka kumsalimu. Honoré alikuwa anasuuza mboga na kufunga mafungu kwa nyuzi za mgomba. Alichagua fungu kubwa kuliko yote, akampa kwa mikono miwili, na Yolande akalipokea kwa mikono miwili, kwa kuwa huwezi kumkatalia mtu wa rika la baba kitu alichokilima mwenyewe. Akapanda nalo kilima, amelishika mbali kidogo na nguo, akitafuta mahali pa kulitupa ambapo mbuzi hawafiki.

Maman Adèle alikuwa amesimama mlangoni kwake, mtoto mgongoni, wengine wamekaa kwenye kizingiti pale alipokuwa akikaa mumewe. Jiko lilikuwa linawaka na sufuria ya maji matupu ilikuwa juu yake. Aliliona fungu, akanyoosha mkono.

"Hii haiko ya kula, Maman Adèle," Yolande alimwambia. "Unajua inatoka wapi."

Maman Adèle alisema ndiyo, anajua. Mkono wake ulibaki pale pale, umenyooka.